Nimeitwa kwenye juri na wasiwasi unanimaliza

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, Mkenya wa upande wa Eldoret, na sasa naishi Lowell, Massachusetts. Mwaka jana niliapishwa kuwa raia wa Marekani. Tulipika pilau, tukaalika watu, tukamshukuru Mungu. Juzi nimepata bahasha ya mahakama inayosema nimeitwa kuhudumu kwenye juri, lile kundi la raia wanaosikiliza kesi na kuiamua, na tangu siku hiyo usingizi umenipaa.

Shangazi, nina ugonjwa wa wasiwasi, ingawa sijawahi kwenda kwa daktari akaniambia hivyo. Mikono hutetemeka, moyo hudunda, kifua hubana, nikaona kabisa kwamba nakufa. Hunishika kwenye lifti, hunishika kwenye foleni, na kuna Jumapili ulinishika kanisani nilipoombwa kusoma Neno mbele ya watu. Nilirudi kwenye kiti bila kumaliza mstari, na tangu hapo nimekuwa nikikaa karibu na mlango.

Yalianza baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007. Nyumba ya jirani yetu ilichomwa moto usiku, sisi tukiwa tumejificha kwenye mahindi. Yapo mengine niliyoyaona ambayo sijamsimulia mtu yeyote. Mume wangu anajua nusu tu. Sasa nawaza: wakiniweka kwenye kesi ya mauaji, wakaleta picha za maiti, nitafanya nini mbele ya jaji na mawakili?

Tena kwetu karatasi ya korti haijawahi kuleta heri. Nilipoiona nilifikiri nimeshtakiwa, au kuna mtu wa kazini amenichongea. Nafanya kazi ya kutunza wazee, zamu ya usiku, na naogopa kumwambia msimamizi wangu.

Nimeomba ushauri kwa watu wawili watatu. Rafiki mmoja ameniambia niitupe, eti wote hufanya hivyo. Mwingine ameniambia nijaze kwamba sijui Kiingereza. Dada mmoja wa kanisani amesema hiyo ni roho ya hofu, nifunge na kuomba. Ninaomba kila siku, Shangazi, na bado natetemeka.

Nisipoenda nitanyang'anywa uraia? Nikienda nikashikwa na hofu mbele ya watu, je? Na mume wangu nimwambie? Ameona bahasha akasema, "Hiyo ni kitu kidogo, enda tu." Hajui inanifanya nini. Tarehe niliyopewa imebakiza wiki chache.

Mwenye Hofu, Lowell

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lile linalokunyima usingizi zaidi. Hakuna aliyekushtaki na hakuna aliyekuchongea. Katika Massachusetts majina ya wanajuri hutolewa kwenye orodha ya wakazi, ile ambayo kila mji huiandaa kila mwaka kwa kuuliza nani anaishi katika nyumba ipi. Kompyuta huchagua majina kwa bahati nasibu. Jirani yako anaweza kukaa miaka na miaka asiitwe, na wewe ukaitwa mwaka wako wa kwanza wa uraia. Wapo hata wasio raia wanaopata barua hiyo hiyo, kwa sababu orodha ni ya wakazi wote. (Kama unasoma safu hii na wewe si raia, usiitupe barua na usijifanye raia. Jaza ukweli kwamba si raia, uirudishe. Kudai uraia ambao huna kunaweza kukuharibia mambo ya uhamiaji kwa namna isiyorekebishika.)

Pia hutanyang'anywa uraia. Kutokwenda kwenye juri hakumwondolei mtu uraia. Lakini yule rafiki aliyekwambia uitupe amekupotosha vibaya. Mahakama hutuma barua nyingine, na asiyeitikia anaweza kupelekwa mbele ya hakimu na kutozwa faini ya hadi dola 2,000. Kwa mtu mwenye wasiwasi, barua iliyofichwa kwenye droo haiishi. Kila gari la posta likisimama nje, moyo wako utakuwa unauliza kama ndiyo ile ya pili. Ungekuwa umejiongezea mateso ya miezi kwa kukwepa usumbufu wa siku moja.

Na huyu wa Kiingereza? Fomu ile unaitia sahihi kwa kiapo, na adhabu ya kusema uongo imeandikwa hapo hapo. Mtihani wa uraia uliufanya kwa Kiingereza, kazini unaandika ripoti za wagonjwa kwa Kiingereza. Uongo wa namna hiyo ungekupa sababu halali ya kuogopa, juu ya hizi nyingine ulizo nazo.

Naelewa kwa nini karatasi ya korti inakutisha. Mkenya hakulelewa na juri. Wakati wa ukoloni, aliyekuwa na haki ya kuhukumiwa mbele ya juri Kenya alikuwa Mzungu. Mwafrika alipewa wazee wa baraza, ambao walitoa maoni na jaji hakulazimika kuyafuata, na hata hao wazee sheria iliwaondoa mwaka 2007. Kwa hiyo kwetu mtu huitwa kortini akiwa mshtakiwa, mlalamishi au shahidi, na katika hao watatu hakuna anayekwenda akicheka. Hapa unaitwa kwa nafasi ya nne ambayo hatukuizoea: unakwenda kusikiliza. Hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi usiku wa tarehe fulani. Huko ndani wewe ni mtu wa kuheshimiwa, na watu husimama wanajuri wanapoingia.

Nimekuwa mkalimani wa Kiswahili katika mahakama za jimbo hilo kwa miaka mingi, kwa hiyo acha nikwambie siku yenyewe inavyokwenda, maana wasiwasi hunenepa mahali ambapo mtu hajui kinachofuata. Unaingia asubuhi, mkoba wako unapita kwenye mashine kama kwenye uwanja wa ndege. Unapelekwa kwenye chumba cha kusubiri wanajuri. Mnaonyeshwa video fupi, mara nyingi jaji huja kuwakaribisha. Halafu mnasubiri. Kusubiri ndiyo kazi kubwa ya siku hiyo, basi beba kitabu au ufumaji wako. Massachusetts hufuata utaratibu wa siku moja au kesi moja: usipochaguliwa kwenye kesi siku hiyo, umemaliza, na kwa miaka mitatu inayofuata una haki ya kukataa ukiitwa tena. Wengi sana hurudi nyumbani siku hiyo hiyo bila kukaa kwenye kiti cha juri. Tena wengine huambiwa jana yake kwamba hawahitajiki, kwa hiyo kabla ya kulala hakikisha kwa simu au mtandao kama samansi, yaani hiyo barua ya wito, inavyoelekeza.

Kesi ikiwepo, mnapelekwa ukumbini kundi zima. Jaji anasoma maswali kwa wote: kuna anayewajua hawa, kuna aliyewahi kupatwa na jambo kama hili? Ukiwa na jibu, unainua nambari yako tu. Hujielezi mbele ya umati. Unaitwa baadaye pembeni ya meza ya jaji, na huko mnazungumza kwa sauti ya chini, wewe, jaji na mawakili. Nisikilize hapa, mwanangu, kwa sababu ndipo penye jibu la hofu yako kubwa. Ikiwa kesi ni ya mauaji au ya moto, hapo ndipo mahali pa kusema: "Mheshimiwa, mwaka 2007 nilipitia ghasia Kenya, niliona nyumba zikichomwa na watu wakiumizwa, na sidhani nitaweza kutazama ushahidi wa namna hii." Sentensi moja inatosha. Hulazimiki kusimulia yaliyotokea kwenye mahindi. Nimesimama karibu na meza hizo mara nyingi, na sijaona jaji akimcheka mtu aliyesema jambo kama hilo. Anayetafuta juri la haki hataki mtu ambaye akili yake itakuwa Eldoret wakati shahidi anazungumza. Atakuruhusu uondoke, au utapelekwa kwenye kesi nyingine. Zipo kesi za ajali ya gari, za mkataba uliovunjwa, za mpangaji na mwenye nyumba. Si kila kesi ina damu.

Zaidi ya hapo kuna fomu ya siri ya mwanajuri, ambayo husomwa na jaji na mawakili na haiwekwi wazi kwa umma. Unaweza kuandika humo kwamba una jambo ungependa kulieleza faraghani.

Kama unaogopa kubeba roho ya mtu mkononi, jua pia kwamba mahakama za Massachusetts hazina hukumu ya kifo. Mahakama kuu ya jimbo iliitupa nje mwaka 1984. Wanajuri huamua kama kosa limethibitishwa. Miaka ya kifungo ni kazi ya jaji. Na katika kesi ya jinai hakuna mtu anayeamua peke yake, maana lazima wote wakubaliane.

Sasa, ushauri wangu ni huu: ijibu barua wiki hii, na uahirishe.

Una haki ya kuahirisha mara moja, hadi mwaka mmoja kutoka tarehe uliyopewa, bila kujitetea mbele ya mtu yeyote. Unajaza kwenye mtandao au unapiga simu kwa nambari iliyo kwenye samansi, unachagua tarehe nyingine. Lakini usichague ya mbali kuliko zote. Chagua ya miezi minne au mitano ijayo. Ukiisukuma mpaka mwisho utaisahau kwa makusudi, na mwakani tutarudi hapa hapa. Muda huo unauhitaji kwa kazi moja ambayo umeikwepa tangu 2008: kwenda kwa daktari.

Ulivyoeleza, kifua kubana na kuona unakufa, ni jambo ambalo madaktari wanalijua vizuri na wanalitibu. Mtu mwenye kifua kinachobana anapaswa kupimwa moyo pia, usidhani tu ni wasiwasi. Mwambie daktari yote mawili, dalili za sasa na yale ya 2007, kwa sababu tiba ya wasiwasi wa kawaida na tiba ya mtu aliyepitia vita zinaweza kutofautiana. Kama mambo ya moyoni hutoka vizuri zaidi kwa Kiswahili, omba mkalimani. Kliniki na hospitali za Marekani zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukupa bila malipo, na mkalimani amefungwa na siri kama daktari. Ukihofia kwamba ni mtu wa kanisani kwenu, omba wa kwenye simu. Wako hata majimbo mengine, hawatajua wewe ni nani.

Dada yule wa kanisani nisimseme vibaya. Omba, mwanangu, nami nakuombea. Lakini wazee unaowatunza usiku unawapa vidonge vyao na unawaombea, hujaona mgongano wowote. Jitendee unavyowatendea.

Baada ya kuonana na daktari mtajua mmoja kati ya mambo mawili. La kwanza ni kwamba huwezi kuhudumu. Kama daktari anaona hali yako inakuzuia, ataandika barua inayoeleza tatizo na maoni yake kwamba huwezi kutimiza kazi ya juri, nawe utaituma kwa ofisi inayosimamia wanajuri. Hiyo ni njia iliyowekwa na sheria, na hakuna aibu ndani yake. Mtu asikwambie unakwepa. Ila lazima iwe barua ya daktari, barua ya mchungaji haitakusaidia.

La pili ni kwamba unaweza, ukisaidiwa. Na kwa jinsi ulivyoandika barua hii, kwa mpangilio na kwa ukweli, nadhani unaweza. Basi uliza mapema kuhusu msaada. Sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990 inahusu magonjwa ya akili pia, na mahakama zinafahamu hilo. Unaweza kuomba kukaa mwisho wa safu karibu na mlango, kama kanisani, au kupewa mapumziko. Omba kabla ya siku yenyewe.

Kabla ya tarehe nenda ukalione jengo. Mahakama ziko wazi kwa umma. Jengo la mahakama la Lowell lilifunguliwa mwaka 2020, lina nafasi na mwanga, halifanani na korti ulizozijua. (Tazama samansi vizuri lakini, wakazi wa kaunti yenu wanaweza kupangiwa Woburn.) Ingia, pita kwenye mashine, panda lifti, kaa nyuma ya ukumbi hata dakika kumi. Moyo utadunda. Usikimbie mara tu unapodunda. Hofu ya ghafla hupanda mpaka kileleni kwa dakika chache, halafu mwili huchoka na kuishusha. Ukikimbia ikiwa juu, mwili hujifunza kwamba mlango ndio uliokuokoa, na mara nyingine huanza kupiga kelele mapema zaidi. Ukibaki mpaka ishuke, mwili hujifunza kwamba hukufa. Vuta pumzi ukihesabu hadi nne, itoe polepole ukihesabu hadi sita, miguu yako yote miwili iguse sakafu. Fanya mazoezi haya nyumbani siku ambazo umetulia, si siku ya hatari tu. Rudi tena wiki nyingine. Mwombe daktari akuelekeze kwa mtaalamu wa ushauri atakayekusindikiza katika hatua hizi, usizifanye peke yako kama zinakurudisha kwenye yale ya 2007.

Siku ya siku, kula kifungua kinywa, punguza chai ya rangi na kahawa, beba dawa zako kama utakuwa umepewa. Usimeze kidonge cha rafiki cha kutuliza, hata akikusifia vipi.

Kuhusu kazi, msimamizi wako hana ruhusa ya kukufukuza kwa sababu ya juri. Sheria ya Massachusetts inamtaka mwajiri akulipe mshahara wako wa kawaida kwa siku tatu za kwanza za juri ambazo ungekuwa kazini, hata kama wewe ni wa muda mfupi, na kuanzia siku ya nne jimbo hulipa dola 50 kwa siku. Mpe nakala ya samansi. Ugonjwa wako si lazima umtajie. Na mwambie kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo hutafanya zamu. Mtu aliyekesha na wagonjwa nane hawezi kusikiliza ushahidi, na kukosa usingizi ni chakula cha wasiwasi.

Tahadhari moja ya haraka: ukipigiwa simu na mtu anayesema hukuja kwenye juri na askari wanakuja kukukamata usipolipa sasa hivi, kata. Mahakama haidai faini kwa simu wala kwa kadi za zawadi za dukani. Matapeli hawa wanawapenda sana watu wageni wenye hofu.

Nina jambo moja la moyoni pia, na silisemi ili kukubana. Nimewahi kukaa karibu na mshtakiwa mwenzetu, Mswahili, akitazama safu nzima ya wanajuri akitafuta sura moja inayofanana na yake, asiione. Mwaka 1986 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza waendesha mashtaka kuwaondoa wanajuri kwa sababu ya rangi yao, na huko Massachusetts mahakama ya jimbo ilikuwa imeshalikataza jambo hilo tangu 1979. Watu walipigania kiti hicho. Siku utakapokuwa na afya ya kukikalia, kikalie. Siku huwezi, afya yako inatangulia.

Na mumeo. Mwambie, mwanangu. Aliposema ni kitu kidogo alikuwa anazungumza kuhusu bahasha, kwa sababu bahasha tu ndiyo aliyoiona. Usianze na mahindi wala na moto, hayo yatakuja kwa wakati wake, pengine mbele ya mtaalamu. Anza na wiki hii: hulali, kifua kinabana, unataka kuonana na daktari, na unaomba akupeleke. Chagua saa ambayo watoto wamelala na televisheni imezimwa. Kama maneno yanakukwama, mpe barua uliyoniandikia mimi aisome, wewe ukiwa umekaa hapo hapo.

Niandikie ukishapata tarehe mpya.

Shangazi